Nilishuka kwenye lile gari, halafu nikapanda tena

Wiki iliyopita mtoto wa dada yangu kaniuliza swali tumekaa tu, anko hivi nikipewa lifti halafu gari likaja kuwa la wizi, mimi si naachiwa tu maana sikuendesha? Nikabaki namtazama. Ni swali lile lile nililomuuliza askari nikiwa na miaka 16, karibu neno kwa neno, na askari hakunijibu, alicheka kidogo akaendelea kuandika.

Kwa hiyo ngoja nisimulie yote, maana nyumbani huwa tunaikwepa hii stori.

Aliyekuwa anaendesha alinizidi miaka miwili. Nitamwita jamaa tu, jina lake halina faida hapa na siku hizi ana familia yake. Tulikuwa tunacheza mpira pamoja, mcheshi, mkarimu, ukiwa naye huboreki. Alikuwa anafanya kazi ya kuosha magari. Jioni moja akanitumia mesej, "dogo nimepata chuma njoo tuzunguke", nikamjibu "chuma cha nani tena hicho" na emoji mbili za kucheka. Maneno matano. Yalikuja kusomwa kwa sauti mbele ya watu na mtu aliyevaa tai, na nikuambie tu, maneno ya utani yakisomwa na mtu asiyecheka yanabadilika kabisa.

Akajibu ni gari la mjomba wake. Sawa, nikaenda. Tulikuwa wanne, yeye na mwenzetu mmoja mbele, mimi na mwingine nyuma, ila siti ya nyuma ilikuwa na kile kiti cha mtoto, vile vya plastiki vyenye mikanda yake, kinatubana. Jamaa akasema hebu kitoeni hicho kiwekeni kwenye buti. Nikakitoa mimi. Nilihangaika sana na ile klipu mpaka kidole kikachubuka, nikakipeleka kwenye buti nikakilaza vizuri. Sasa, mjomba wake nilikuwa namjua. Mzee wa miaka sitini na, watoto wake wote wameshaoa na kuolewa. Kichwani ikapita, hivi yule mzee na kiti cha mtoto wapi na wapi? Halafu nikajijibu mwenyewe, labda cha mjukuu. Mtu anayetaka kuzunguka na gari hakosi majibu.

Cha pili ni ufunguo. Ulikuwa umefungwa kikaratasi kwa uzi kimeandikwa namba kwa kalamu, vile wanavyofunga funguo za wateja. Nilikiona kinaning'inia pale kwenye swichi kinacheza kila tukikata kona. Nilikiona, sikukiuliza.

Cha tatu ndo chenyewe. Tukaingia sheli kujaza mafuta na jamaa akawa hajui mfuniko wa tenki unafunguliwaje, kavuta buti ikafunguka, kavuta boneti ikaachia, kashuka kazunguka upande wa kulia, kumbe upo kushoto. Mhudumu wa sheli anamwangalia tu. Nikashuka na mimi, nikamfuata, nikamuuliza kwa sauti ya chini, bro hili gari la mjomba kweli? Akacheka akasema dogo acha woga, la mteja, kesho asubuhi linarudi mahali pake hata hatajua, we panda.

Nikasimama pale. Kuna ile mashine ya kujazia upepo matairi, nilisimama pembeni yake. Taa kila mahali, watu wapo, simu ninayo mfukoni, kituo cha mabasi nakiona kwa macho. Wenzangu wananiita kwa kunipigia honi. Nikapanda.

Kamera ya sheli ilichukua yote, bila sauti. Baadaye wakili alinionyesha, na nilishangaa jinsi ilivyo fupi, mimi kichwani nilikuwa nakumbuka nimesimama pale muda mrefu sana nikipambana na nafsi, kumbe ni dakika moja na ushee. Kijana mwembamba amesimama kaweka mikono mfukoni, anaangalia gari, anaangalia barabara, anaangalia gari, anapanda. Ukiitazama bila kujua chochote unaona kabisa ni mtu anayefikiria jambo.

Kilichofuata kilikuwa cha haraka. Mwenye gari alikuwa ameshapigiwa simu na jirani aliyeliona likipita, akatoa taarifa. Gari la polisi likatuwashia taa, jamaa badala ya kusimama akakanyaga mafuta, kona ya pili akapanda kingo ya barabara, tairi la mbele likapasuka na bampa likabaki nyuma. Milango ikafunguka yote kwa mpigo. Nilikimbia kama hatua mia mbili hivi, nikaanguka kwenye mtaro, nikakamatwa hapo nikiwa na kiatu kimoja.

Watu huwa wananiambia kukimbia ni silika, kila mtu angekimbia. Ni kweli, na wakili alilisema hilo hilo mahakamani kwamba mtoto akiona polisi anakimbia hata kama hana kosa. Lakini upande wa mashtaka na wao walikuwa na lao, kwamba mtu anayeamini yuko kwenye gari la mjomba wa rafiki yake anakimbia nini? Hapo unabaki huna cha kujibu.

Kituoni ndo nikajimaliza. Sikupigwa, siwezi kusema uongo, nilipewa hata maji. Tatizo lilikuwa mdomo. Nilidhani nikiongea haraka na sana nitaenda nyumbani mapema, nikasema huyu simjui, mimi nilikuwa barabarani nikaomba lifti, na wale wengine pia siwajui. Nikasaini. Simu yangu ipo mezani mbele ya macho yangu, ndani yake mesej za miezi mitano na jamaa, picha tumekumbatiana na kombe la plastiki. Walipoifungua, ule uongo ukawa ndo ushahidi mkubwa kuliko vyote. Afadhali ningenyamaza!

Na nilikuwa na haki ya kunyamaza, ndo kinachoniuma. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao karibu nchi zote duniani zimeuridhia, ibara ya 40 inasema mtoto anayetuhumiwa asilazimishwe kutoa ushahidi wala kukiri kosa, apewe msaada wa kisheria, na achukuliwe hana hatia mpaka ithibitike. Ibara ya 37 inasema kumfunga au kumweka mahabusu mtoto iwe hatua ya mwisho kabisa na kwa muda mfupi kadiri inavyowezekana. Mimi sikuyajua hayo, na kusema ukweli ningeyajua sidhani kama ningeyatumia, maana nilichokuwa nakitaka ni mama asijue. Nilikataa kutoa namba yake mpaka usiku wa manane. Yaani mtu pekee ambaye angeingia mle ndani akasema mwanangu usiseme neno, ndo niliyemficha.

Alipofika hakuniuliza nimefanya nini. Aliangalia mguu ulio peku akauliza kiatu kiko wapi. Basi nikalia.

Wakili tulipata dada mmoja wa msaada wa kisheria, kijana, anaongea polepole. Cha kwanza alichonifundisha ni kwamba lile neno "gari la wizi" tunalotumia sisi mtaani sheria nyingi zinaligawa. Kuiba ni kuchukua kitu kwa nia ya kumnyima mwenyewe moja kwa moja. Kuchukua gari la mtu ukazunguke halafu ulirudishe, nchi nyingi zimeliwekea kosa lake peke yake, kutumia gari bila ruhusa ya mwenyewe, na adhabu yake huwa ndogo kuliko ya wizi. Hati yetu ya kwanza iliandikwa wizi wa gari, wote wanne, kwa pamoja. Nusu ya kazi yake miezi ile ilikuwa kupigania lile neno libadilike.

Cha pili, akaniambia acha kabisa kusema sikuendesha. Hakuna aliyesema uliendesha. Wanachouliza ni ulijua nini, ulijua lini, na ulipojua ulifanya nini.

Hilo la tatu ndo lililobaki na mimi. Baadaye sana nilikuja kufanya kazi ya usaidizi wa kisheria na nikaanza kusoma sheria za wenzetu kwa udadisi tu, nikakuta ni swali lile lile limezunguka dunia. Uingereza kwa mfano, sheria yao ya wizi ya mwaka 1968, kifungu cha 12, haiishii kwa aliyechukua gari, inamtaja pia mtu ambaye, huku akijua limechukuliwa bila ruhusa, "anakubali kubebwa" ndani yake. Kubebwa tu! Hujagusa usukani, hujui hata gia ya kurudi nyuma iko wapi, lakini umekaa humo unajua, tayari una kosa. Halafu mwaka 1992 wakaongeza kifungu kingine cha kosa hilo likiwa zito, kwamba gari likishachukuliwa likaendeshwa kwa hatari, au likaumiza mtu au kuharibu mali, yule abiria aliyejua anaweza kubeba na huo uzito, isipokuwa aonyeshe kwamba hayo yalitokea kabla hajapanda au wakati hayupo ndani wala karibu. Kifungo kinaweza kufika miaka 2, na mtu akifa kinafika 14. Niliposoma hapo nikakumbuka lile bampa. Kama pale kwenye kona kungekuwa na mtu amesimama...

Canada ndo ilinifunga mdomo. Na wao wanamtaja anayekaa ndani ya gari huku akijua limechukuliwa bila ridhaa, kifungu cha 335 cha sheria yao ya jinai. Lakini wameweka mlango: abiria ambaye alipotambua alishuka, au alijaribu kushuka kadiri ilivyowezekana, kosa hilo halimhusu. Nilikuwa nimekaa ofisini nasoma na chai yangu ikapoa. Maana walikuwa wananiandika mimi pale kwenye mashine ya upepo. Tofauti ni kwamba mimi mlango niliupata, nikatoka, nikasimama nje yake dakika nzima na ushee, nikarudi ndani.

Tena kuna jambo watu hawalijui kabisa, la kuumia. Huko huko Uingereza bima kwa kawaida inatakiwa imlipe abiria aliyeumia hata kama dereva ana makosa, ila sheria yao ya barabara ya 1988 inamtoa abiria aliyekubali kubebwa huku akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba gari limeibwa au limechukuliwa isivyo halali. Soma tena hapo, akiwa na sababu ya kuamini. Kiti cha mtoto ni sababu. Kikaratasi kwenye ufunguo ni sababu. Ungevunjika uti wa mgongo wewe na wazazi wako mngehangaika na hizo gharama wenyewe.

Kwenye kesi yetu sisi ugomvi mkubwa ukawa kwamba nilijua kuanzia wapi. Wakili alitaka mahakama iamini nilijua pale sheli na si kabla, na hata hapo nilikuwa mtoto anayeambiwa panda na mtu mkubwa, usiku, mbali na nyumbani. Upande wa mashtaka walianza na ile mesej, chuma cha nani tena hicho, kwamba hata kabla sijaliona gari nilishahisi. Wakaja na alama za vidole. Zangu hazikuwa kwenye usukani, hazikuwa kwenye dashibodi, zilikuwa zimejaa kwenye plastiki ya kile kiti cha mtoto. Nikaulizwa, mjomba wa rafiki yako ana mtoto mchanga? Nikasema hapana. Ulijua hana? Ndiyo. Basi ulipokitoa ulifikiri ni cha nani?

Nilisema cha mjukuu. Kuna mtu nyuma akacheka.

Kufumba macho makusudi mahakama nyingi hazikubali kwamba ni kutojua. Ukiona dalili, ukaogopa kuuliza kwa sababu jibu unalijua, wanakuhesabia unajua. Wakati ule nililiona ni uonevu. Sasa hivi nikikaa na vijana wanaoletwa ofisini nasikia zile sentensi, mimi sikuuliza, hayakunihusu, nilikaa nyuma tu, na nawaelewa, lakini naelewa pia hakimu anasikia nini.

Mwenzetu mmoja alifuta chati zake zote siku ya pili baada ya dhamana. Alidhani anajiokoa. Mesej zile zile zilikuwa kwenye simu zetu sisi wengine, kwa hiyo kufuta kwake hakukuficha kitu, kulionyesha tu kwamba alikuwa na cha kuficha, na akaongezewa shida juu ya shida. Mwingine alikuwa anampigia jamaa kila siku wapange maneno yafanane, mpaka wakili wake akamkemea. Mimi nilipona hapo kwa sababu moja tu, mama alichukua simu yangu akaivunja kadi ya laini mbele yangu. Hakuwa anafikiria sheria, alikuwa na hasira.

Mwisho wa siku shtaka langu likashuka kutoka wizi kwenda kutumia gari bila ruhusa, kesi ikasikilizwa ya watoto bila watu wa nje, na nikawekwa chini ya uangalizi mwaka mmoja. Jamaa, kwa kuwa alishavuka 18, alihukumiwa peke yake kama mtu mzima na akaenda jela. Tulikuwa gari moja, barabara moja, usiku mmoja, lakini mimi nikaitwa mtoto na yeye akaitwa mshtakiwa, na tofauti ilikuwa miezi kadhaa tu ya birthidei yake. Sijui nisemeje kuhusu hilo. Alinidanganya, ndiyo, lakini pale sheli aliniambia ukweli nilipomuuliza.

Mwaka wa uangalizi unaonekana kitu kidogo ukiusema. Kila mwezi kwenda kwa afisa ustawi, barua za shule, kutotoka usiku, kutokukutana na wale wenzangu. Mpira ukaisha. Shule nikarudia darasa kwa sababu tarehe za mahakama ziliangukia kwenye mitihani, na kesi inaahirishwa bwana, unavaa shati la kunyoosha unakaa kwenye benchi kutwa unaambiwa rudi baada ya wiki mbili. Kumbukumbu za kesi za watoto sehemu nyingi zinafungwa, haziwekwi wazi kwa kila mtu, na hiyo ni kweli na inasaidia. Lakini fomu zina maswali yake. Fomu ya viza ya Marekani haiulizi tu kama umewahi kutiwa hatiani, inauliza kama umewahi kukamatwa. Nilipoijaza kwa ajili ya semina fulani nilikaa kwenye lile swali jioni nzima, mtu mzima na ndevu zangu, nikaweka ndiyo, nikaandika maelezo, nikaambatisha karatasi. Uongo wa kituoni ulishanifundisha. Safari yenyewe haikuwepo, ila hawakuniambia sababu na mimi sitaki kubuni.

Mwenye gari nilimwona mara moja, kwenye korido ya mahakama. Mama wa makamo ya dada yangu mkubwa, kambeba mtoto mgongoni. Gari lake lilikuwa bado limezuiwa kama kielelezo, wiki ya tisa hiyo, halijatengenezwa, alikuwa anakuja kesini kwa miguu na basi na yule mtoto. Sikujua nimfanyie nini, nikasimama nikamwamkia, shikamoo mama. Akaitikia. Akanitazama sana halafu akauliza,

"Kile kiti cha mtoto nani alikitoa?"

Wakili alikuwa kashaniambia nisiongee na shahidi yeyote. Nikamwambia mimi.

Akasema, "Ile klipu ya kushoto mbovu, hata mimi huwa inanishinda," akamweka mtoto vizuri mgongoni, wakamwita jina akaingia ndani.